Tamko kuhusu maini na mapafu yanayokataliwa machinjioni Rubavu

Sisi wachinjaji, wenye bucha na wachuuzi wa maini na matumbo wa Gisenyi na masoko mengine ya Wilaya ya Rubavu, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wafugaji, kwa wateja wetu na kwa viongozi. Tunalitoa kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tunachouzia nyama, upande huu wa mpaka na kwa ndugu zetu wa Goma.

Ng'ombe hufika machinjioni amenawiri, ngozi inang'aa. Akipasuliwa, ini linatoka gumu, mifereji ya nyongo imevimba, na mkaguzi akiikata hutoka minyoo bapa yenye umbo la jani, mingine yenye urefu wa sentimita 7. Mkaguzi hulikataa ini hilo, na hatuna ugomvi naye. Linatupwa shimoni, mwenye nyama anabeba hasara, na aliyemfuga ng'ombe haambiwi neno. Baada ya muda analetwa mwingine kutoka bonde lile lile, ini lake vile vile. Tunachokilalamikia ni ukimya huo.

Mayai ya minyoo hii hutoka na kinyesi cha ng'ombe. Yakipata maji huanguliwa, na viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono wadogo wa majini, hukua humo, kisha hutoka na kujishikiza kwenye majani ya kinamasi. Ng'ombe akiyala, minyoo michanga hutoboa utumbo na kulichimba ini kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia kwenye mifereji ya nyongo. Nchi yetu ya mvua nyingi na mabonde, kuanzia malisho ya Gishwati hadi kando ya mto Sebeya, inawafaa sana konokono hao.

Wafugaji wengi huamini ng'ombe wa zizini amesalimika. Tangu programu ya Girinka ilipoanzishwa mwaka 2006, familia nyingi zimepata ng'ombe wa kufugia nyumbani na kumkatia majani, na baraka hiyo tumeiona kwa macho yetu. Lakini majani yakikatwa kinamasini na kuliwa mabichi, mfugaji ameubeba ugonjwa kichwani mwake hadi zizini. Tunawasihi wafugaji wakate majani ya miinukoni, na wanapolazimika kushuka bondeni wakate juu ya usawa wa maji na kuyakausha vizuri. Kuhusu dawa, albendazoli huua minyoo iliyokomaa tu, ile michanga inayolichimba ini hubaki hai. Triklabendazoli huua iliyokomaa na michanga pia. Daktari wa mifugo wa sekta ndiye wa kusema ipi itumike na lini, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja ziheshimiwe.

Wateja wetu wana hofu moja ambayo tunapenda kuiondoa. Mtu hapati minyoo hii kwa kula ini lililopikwa. Huipata kwa mboga mbichi zinazoota majini au kwa maji yasiyo salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria walioambukizwa duniani kuwa si chini ya milioni 2.4. Ini bovu linakataliwa kwa kuwa limeharibika na halifai kuwa chakula.

Vifuko vya maji vinavyoonekana kwenye mapafu na maini vina hatari ya namna nyingine. Mbwa akivila, hupata minyoo midogo ambayo mayai yake humrudia binadamu kwa mikono, maji na mboga, na vifuko kama hivyo humea ndani ya mwili wake. Kwa hiyo kumpa mbwa kiungo kilichokataliwa ni kosa kubwa, hata akiwa mbwa wa mlinzi wa machinjio. Na vinundu vya kifua kikuu vikionekana kwenye mapafu, kuna familia ambayo huenda inakunywa maziwa ya zizi hilo leo hii. Nani atawaambia wayachemshe, kama sisi tumenyamaza?

Wala tusisahau wanaoshika kisu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyowapata ng'ombe wa Rwanda mwaka 2018 na tena mwaka 2022, hushambulia ini na huambukiza watu kupitia damu na viungo. Ng'ombe akaguliwe akiwa hai kabla ya kuchinjwa, na wafanyakazi wapewe glavu na mabuti.

Tunaiomba wilaya, pamoja na Bodi ya Kilimo na Mifugo ya Rwanda, iweke utaratibu wa kuandika namba ya hereni ya kila ng'ombe pamoja na kilichoonekana ndani yake, na taarifa hiyo imfikie daktari wa sekta alikotoka mnyama, naye aifikishe kwa mfugaji. Hasara ya kiungo kilichokataliwa nayo ijadiliwe, kwa sababu ikimwangukia mwenye bucha peke yake, kishawishi cha kuficha hakitaisha.

Kwa upande wetu, mwanachama atakayeuza nyama isiyo na muhuri, au kukwangua ini lililokataliwa na kulirudisha sokoni, ataondolewa chamani na jina lake litapelekwa kwa mamlaka. Amri ya waziri ya mwaka 2010 kuhusu uchinjaji na ukaguzi wa nyama inatuhusu sote. Kuanzia sasa kila mwenye bucha ataulizia hereni kabla ya kununua ng'ombe, na ataikabidhi namba yake kwa mkaguzi siku ya kuchinja.

Kamati Tendaji ya Chama
Gisenyi, Wilaya ya Rubavu