Kuuza kwetu na kuuza kwa mashine

Mtu wa Lubumbashi akisema «niliuza mahindi», mahindi yako nyumbani kwake. Mtu wa Dar es Salaam akisema maneno hayo hayo, mahindi yamekwisha kuondoka na pesa ziko mfukoni. Kwetu kuuza ni kununua, na anayetoa bidhaa anauzisha. Sisi wanafunzi wa lugha tunaijua tofauti hiyo na tunaicheka. Lakini siku hizi kuna msomaji mwingine ambaye haijui: programu ya kutafsiri iliyo ndani ya simu.

Programu hizo hazifundishwi sarufi kama tunavyofundishwa sisi. Hulishwa maandishi mengi sana pamoja na tafsiri zake, zikajifunza neno gani huenda na neno gani. Maandishi ya Kiswahili yanayopatikana kwenye intaneti yametoka zaidi Tanzania na Kenya. Ni Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ilikuwa chini ya Ubelgiji, haikuwemo.

Matokeo yake si mchezo. Mfanyabiashara wa hapa anaandikiana na mwenzake wa Dar es Salaam juu ya mzigo utakaopitia Kasumbalesa. Kijana aliyekulia Ulaya, asiyejua vizuri Kiswahili, anaipa mashine ujumbe wa shangazi yake: «Tuliuza kiwanja.» Mashine inamwambia kwamba kiwanja cha familia kimekwenda, kumbe familia imepata kiwanja kipya. Ukoo unaweza kugombana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Najua jibu la baadhi ya maprofesa wetu: watu wajifunze Kiswahili sanifu, basi, maana cha kwetu kimeharibika. Kuhusu kujifunza sanifu sina ubishi. Ndicho ninachoandikia hapa. Kuhusu kuharibika sikubali. Katika Kiswahili sanifu, anayechukua deni anakopa, na anayelitoa anakopesha. Hakuna aliyewahi kusema kukopesha ni kosa. Kuuza na kuuzisha vimefuata njia hiyo hiyo: anayechukua bidhaa anauza, anayemfanya aichukue anauzisha. Hiyo ni sarufi, tena sarufi safi. Hata orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3, imekipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha pwani. Alama tunayo, kinachokosekana ni maandishi ya kutosha nyuma yake.

Hapo lazima tujitazame wenyewe. Ujumbe wa sauti umetusaidia sana: bibi asiyejua kusoma anaongea na wajukuu wake bila kumwomba mtu amwandikie. Lakini sauti husikilizwa mara moja, kisha hufutwa ili simu ipate nafasi. Wengi wetu tukiandika, tunaandika Kifaransa. Tukipatana bei, tukigombana, tukibembeleza, tunasema Kiswahili. Hivyo lugha tunayoishi nayo haiachi alama yoyote. Na si kwamba haiandikiki. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa Katanga. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo watafiti wa nchi za mbali wanaisoma.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mwanafunzi wa kitivo hiki anayemaliza masomo aandike saa moja ya mazungumzo ya kweli: soko la komini ya Kenya, kikao cha msiba, hadithi za wazee. Aombe ruhusa kwanza, aondoe majina, aandike kila neno kama lilivyosemwa, aweke kando Kiswahili sanifu na Kifaransa. Kitivo kihifadhi kazi hizo mahali pamoja, kwa maandishi ya namna moja. Kwa miaka kumi tutakuwa na kitu ambacho hakuna kampuni itakayotutengenezea.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inaipa serikali jukumu la kuziendeleza bila ubaguzi. Sisi hatuhitaji kungoja bajeti ya serikali ili kuandika saa moja ya maneno ya mama zetu. Simu ya kurekodi tunayo, kalamu tunayo, na masikio yetu yanajua nani ameuza na nani ameuzisha. Tusipoandika, mashine itaendelea kumwambia mnunuzi kwamba ameuza mali yake.