25 Aprili mnaikumbuka?

Kila mwaka tarehe 26 Aprili hatuendi kazini. Sikukuu ya Muungano. Tunalala mpaka saa nne, halafu tunaoneshwa tena Mwalimu akichanganya udongo. Sina ugomvi na 26. Ugomvi wangu ni na siku inayoitangulia, ambayo haina gwaride wala hotuba.

Tarehe 25 Aprili 1964, siku ya Jumamosi, Bunge la Tanganyika liliridhia Hati za Muungano. Nyerere na Karume walikuwa wamezitia saini tarehe 22. Siku tatu tu! Kesho yake watu wakaamka wako nchi nyingine. Mwananchi aliulizwa lini?

Haya, tuseme 1964 mambo yalikuwa moto: mapinduzi Zanzibar mwezi Januari, na mwezi huo huo jeshi la Tanganyika likaasi. Nakubali. Sasa niambieni, 1977 kulikuwa na moto gani? Tume ya watu 20 iliyoshughulikia kuunganisha TANU na ASP ilikabidhiwa na Katiba ya nchi. Wabunge walewale wakageuzwa kuwa Bunge Maalum. Tarehe ile ile, 25 Aprili, Katiba ikapita, ikaanza kazi kesho yake, siku ya Muungano. Sherehe ilipangiwa tarehe, mwananchi hakupangiwa hata dakika. Ndiyo Katiba tuliyo nayo mpaka leo, viraka juu ya viraka.

Eti tulikuja kuulizwa baadaye? Ndiyo, Tume ya Warioba ilituuliza, watu wakasema. Bunge Maalum la 2014 likaziondoa serikali tatu kwenye rasimu, wapinzani wakatoka nje, waliobaki wakapitisha ya kwao tarehe 2 Oktoba. Kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa. Mpaka leo hatujaipiga!

Sasa pimeni wenyewe: kuamua bila kutuuliza, siku moja inatosha. Kutuuliza, miaka kumi na ushee haitoshi.

Hapa Keko hata kitanda hakichongwi hivyo. Fundi anakuuliza kwanza: futi ngapi, mbao gani, mnalala wangapi? Ndipo anashika randa. Katiba ni kitanda cha watu zaidi ya milioni 60, na aliyekichonga hakutupima.

Tarehe 26 pumzikeni, ni haki yenu. Lakini tarehe 25 mtafuteni mbunge wenu, mumuulize swali moja tu: zamu yetu lini?