TANROADS miaka 25: pongezi kutoka mlimani

Julai 2000 barabara kuu na za mikoa za Tanzania Bara zilipata mwenyewe. Kabla ya hapo shimo likitokea, lawama ilizunguka kutoka ofisi hadi ofisi mpaka ikachoka. Wakala wa Barabara (TANROADS) ulipoanza kazi, angalau pakawa na mlango wa kugonga. Mwaka 2025 TANROADS ilitimiza miaka 25, na sisi wa Amani, mlimani juu ya Muheza, tunaoishi barabara inakoishia, tunaipongeza bila kinyongo.

Aliyekuwa akitoka Gongo la Mboto kwenda mjini Dar es Salaam kabla ya Septemba 2018 hahitaji kusimuliwa habari za makutano ya TAZARA. Aliondoka alfajiri, foleni ikamla asubuhi nzima, na wauza karanga wakapita dirishani mara tatu daladala ikiwa palepale. Kisha ikafunguliwa barabara ya juu, ikapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa wakala huo, naye akiwa hai na kazini. Ni jambo adimu kwetu, ambako mtu husifiwa vizuri akishazikwa. Februari 2021 zikafuata ngazi tatu za Ubungo, zilizopewa jina la Balozi Mhandisi John Kijazi siku chache baada ya kufariki kwake. Morogoro Road nayo ikapanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, na watu wa Mbezi na Kibamba wakawa karibu na mji kuliko walivyokuwa jana yake. Lakini upanuzi huo ulipitia juu ya nyumba zilizovunjwa mwaka 2017, na wenyewe hawajasahau. Sherehe isijifanye haikuwaona.

Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, tusilihesabu kama mali ya sherehe hii peke yake: asilimia 60 ya fedha zake ilitoka mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025, na waliokuwa wakisubiri kivuko wakiwa na mgonjwa ndio wenye haki ya kulisifu kuliko mwandishi yeyote.

Sasa tupande mlima. Kutoka Muheza hadi Amani ni kama kilomita 36, na adui wa barabara hii ni maji. Huku hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yanashuka kutoka msituni, yanaingia kwenye mtaro wa upande wa juu, yanapita chini ya barabara kwenye kalavati, yanatokea bondeni. Kalavati likizibwa na majani na tawi moja lililokatika, maji hayasubiri mkutano: yanapanda juu ya barabara, yanakata ukingo, na kufikia saa nne lori la chai ya Kwamkoro halina pa kukanyaga. Chai ikishachumwa haihifadhiki, itanyauka huko huko njiani. Na iliki ya mkulima mdogo hukosa soko la siku hiyo, mama mjamzito hukosa hospitali.

Kwa hiyo tunaowapongeza zaidi ni vijana wenye majembe na makoti ya mvua wanaozibua mitaro hiyo. Hakuna waziri anayekata utepe kwenye mtaro uliozibuliwa. Tumeona mlimani hapa kazi isiyotunzwa inavyoishia: Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi ili kuteremsha magogo, leo imebaki nyumba ya stesheni, sasa ni ya Hifadhi ya Amani, na wageni huipiga picha.

Fedha za matengenezo hutoka kwenye tozo ya mafuta, na mwendesha bodaboda wa Bombani huku kwetu huilipa kwa kila lita sawasawa na mwenye gari la kifahari wa Masaki. Tunaiomba TANROADS ianze miaka 25 mingine kwa kutangaza hadharani, barabara kwa barabara, kiasi kilichotengwa kwa mitaro na makalavati kila mwaka na kiasi kilichotumika kweli. Barabara ya Muheza–Amani iwe mojawapo ya zile za mwanzo, na greda lipande kabla ya vuli, si baada yake.