Benedicto Kiwanuka: alivua sare, akashika sheria

Kila tarehe 21 Septemba Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya kimataifa ya amani. Huku Kivu siku hiyo hupita na hotuba na mabango, kisha kila mtu anarudi kwenye taabu zake. Wachache wanakumbuka kwamba tarehe hiyo hiyo, mwaka 1972, wanajeshi waliingia korti kuu ya Kampala, nchi jirani ya Uganda, wakamchukua Jaji Mkuu wa nchi. Jina lake Benedicto Kiwanuka. Hakurudi tena nyumbani, na mwili wake familia haijaupata hadi leo.

Tunamkumbuka mtu huyu katika ukurasa huu kwa sababu maisha yake yanagusa maswali mawili ambayo watu wa Buleusa, Pinga, Kitshanga na vijiji vingine vya Walikale na Masisi wanajiuliza kila siku. Kijana aliyeshika silaha akitoka vitani, afanye nini na maisha yake? Na raia mnyonge akishikwa na mwenye bunduki, amlilie nani?

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka. Vita ya pili ya dunia ilipochachamaa aliingia jeshi la Waingereza, akatumika kuanzia 1942 hadi 1946. Miaka ile wazee wetu pia walikuwa kwenye Force Publique, wakatembezwa hadi Abyssinia kupigana na Waitaliano. Wengi walirudi na medali na hadithi, basi. Kiwanuka alirudi na wazo moja: kusoma. Alikwenda Basutoland, nchi inayoitwa leo Lesotho, kisha akaenda London kujifunza sheria. Alikuwa amepita umri wa miaka 30 alipofuzu na kuwa avoka, mwaka 1956.

Hapo kuna jambo la kutafakari. Mwaka 1946, Kiwanuka alipovua sare, kijana mwingine wa Uganda aliingia jeshi hilo hilo la Waingereza. Kijana huyo ni Idi Amin. Mmoja aliacha bunduki akatafuta kitabu, mwingine alikaa na bunduki akapanda nayo vyeo. Baada ya miaka 25 walikutana, mmoja akiwa Jaji Mkuu, mwingine akiwa rais aliyejiweka mwenyewe kwa nguvu ya jeshi.

Kabla ya hapo Kiwanuka alikuwa ameongoza chama cha Democratic Party. Mwaka 1961 alikuwa waziri kiongozi, na Machi 1962 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, nchi ikijiandaa kwa uhuru. Mwezi uliofuata chama chake kilishindwa katika uchaguzi. Hakuingia msituni. Aliachia kiti, akabaki katika upinzani. Serikali ya Obote ilimfunga mwaka 1969, na Amin alipochukua utawala Januari 1971 alimfungua pamoja na wafungwa wengine wa siasa. Miezi michache baadaye alimpa kiti cha Jaji Mkuu.

Pengine Amin alifikiri kwamba mtu aliyetolewa gerezani atakuwa na deni la kulipa. Kiwanuka hakuona hivyo. Septemba 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Mwingereza mmoja aliyekuwa amefungwa na wanajeshi. Jaji Mkuu aliamua kwamba jeshi halina ruhusa ya kumshika raia na kumfungia hivyo, akaamuru afunguliwe. Wakati huo Waasia walikuwa wanafukuzwa nchini, na wapiganaji wa Obote walikuwa wametoka tu kushambulia wakitokea Tanzania. Kila mtu alijua hatari ya kumwambia Amin hapana. Siku chache baada ya uamuzi ule, walikuja kumchukua.

Nyumbani aliacha mke, Maxencia Zalwango, na watoto. Kiwanuka alikuwa Mkatoliki wa kushika dini na baba aliyejali nyumba yake. Mama huyo alibaki mjane bila kaburi la kwenda kuweka maua. Huku kwetu hakuna haja ya kueleza uchungu huo. Ni nyumba ngapi za Walikale na Masisi zilizofanya matanga bila mwili, au ambazo hazijathubutu kufanya matanga kwa sababu mama bado anasema labda mtoto atarudi?

Turudi sasa Buleusa, katika eneo la Ikobo, karibu na mpaka wa Lubero. Wakobo, Wanyanga, Wanande na Wahutu wamelima pale na kuuziana sokoni, na pia wamekimbiana. Mwaka 2016 chuki kati ya jamii ilihamisha watu wengi sana, hawa wakikimbilia huku, wale kule. Tangu hapo makundi yamepishana: hili linaondoka, lingine linaingia, kila moja na bariera yake, jeto yake ya kila mwezi na kasho yake. Ugomvi wa shamba, deni la mbuzi, hata maneno ya ndoa, hukatwa na komanda. Anayeshindwa kulipa amende analala chini ya ulinzi mpaka ndugu zake wauze walicho nacho.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyeshikwa hawezi kukaa chini ya ulinzi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Ni neno lile lile Kiwanuka alilolitetea Kampala. Lakini katiba haina miguu. Inahitaji jaji, avoka na korti karibu na watu.

Tumeona kwamba inawezekana. Kati ya Julai na Agosti 2010, wanawake, wanaume na watoto wasiopungua 387 walibakwa Luvungi na vijiji vya jirani, humu humu Walikale. Wengi walisema hakuna atakayejibu. Lakini Ntabo Ntaberi Sheka alijitoa mikononi mwa MONUSCO mwaka 2017, kesi ikaanza Goma mwaka 2018, na Novemba 2020 korti ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha maisha. Nyuma ya hukumu ile kulikuwa na wahanga waliokubali kusema, na maavoka waliokaa nao miaka yote hiyo. Watu wetu wanajua majina ya makomanda wote wa Walikale. Majina ya maavoka hao, nani anayajua?

Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23, Januari 2025, kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi. Korti za serikali zilizokuwa pale zilisimama, na mkaaji wa Buleusa amezidi kuwa mbali na jaji. Kwa hiyo tunasema wazi. Wanaozungumza juu ya amani, popote wanapoketi, wasigawane vyeo vya jeshi tu wakasahau korti. Pale ambapo serikali bado ina mkono, majaji wapelekwe vijijini kusikiliza kesi, na walindwe. Na mradi wa kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia usiishie kwenye kumpa kijana cherehani au jembe, ingawa vyote viwili vina faida. Mwenye hamu ya kusoma asomeshwe. Kiwanuka naye alikuwa askari aliyerudi nyumbani mtu mzima, bila diploma ya sheria.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Wengi wetu tumeishi kwa neno hilo ili tubaki hai, na hakuna wa kutulaumu. Lakini Amin naye alikuwa na nguvu. Aprili 1979 alikimbia Kampala, akafia ugenini mwaka 2003. Kiwanuka hana kaburi, lakini kila mwaka majaji na maavoka wa Uganda hukutana kwa jina lake na kujadili kazi yao. Kijana wa Buleusa anayefikiri leo kati ya msitu na shule anastahili kuisikia habari hii, na wazazi wake wanastahili kuona shule hiyo ikifunguliwa.