Kasuku Mbele ya Chati

Msomaji kijana, kuna bidhaa iuzwayo kwa jina la elimu, nayo si elimu. Ni mafungu ya maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuungwa, ili mwanafunzi ayakariri na kuyamwaga katika karatasi ya mtihani. Katika mtihani wa IELTS, kwa watakao kusoma vyuo vikuu vya ng'ambo, swali la kwanza la kuandika huweka mbele ya mtu chati, grafu, jedwali au mchoro, na kumtaka aeleze mambo makuu yaliyomo kwa maneno yasiyopungua 150. Hushauriwa atumie dakika 20. Wauzaji husema: muda ni mfupi, basi kariri. Mimi nasema: muda ni mfupi, basi tazama.

Tupime mashauri haya mawili kwa hesabu za nyumbani. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 406,054 katika Kajiado. Ya 2009 watu 687,312. Ya 2019 watu 1,117,840. Mpe kasuku chati hiyo. Ataandika kwamba idadi ilipanda sana. Sentensi hiyo yafaa Kajiado, yafaa Lagos, yafaa na bei ya sukari. Na neno lifaalo kila mahali halielezi mahali popote. Atazamaye huona zaidi. Miaka kumi ya kwanza iliongeza watu 281,258, na ya pili 430,528. Hata hivyo, ongezeko la kwanza lilikuwa kama asilimia 69 ya watu waliokuwapo, na la pili kama asilimia 63. Watu walioongezeka walizidi, lakini kiwango cha kuongezeka kilipungua. Kweli hizi mbili zakaa katika chati moja, na hakuna fungu la kukariri liwezalo kuzifumbua.

Mwanafunzi wa Kitengela ana mtego mwingine. Ameona nyumba zikiota palipokuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu. Hutamani kueleza habari za viwanja, viwanda na ukaribu wa Nairobi. Ayasemayo yaweza kuwa kweli, lakini chati haikuyasema. Shahidi mwema hasemi asichokiona. Sababu na maoni vina mahali pake katika swali la pili.

Watajibu kwamba huu ni mtihani tu. La! Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kufanya kazi Uingereza, na wauguzi waendao huko hutakiwa kuthibitisha Kiingereza chao. Siku moja muuguzi husimama kando ya kitanda, mbele ya chati ya homa. Mgonjwa hahitaji sentensi tamu. Ahitaji mtu aonaye kwamba mstari umeanza kupanda tangu usiku wa manane, na aisemaye habari hiyo sawasawa kwa daktari.

Basi jifunze Kiingereza kwa bidii, maana bila maneno jicho ni bubu. Lakini fungua jicho kwanza. Kasuku husifiwa kwa sauti yake. Hakuna amwulizaye ameona nini.