Shauri la Jamaa: Deni Linalokawia Kufunguliwa

Wazee walisema kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Lakini iko siku nyingine tena iliyo nzito: siku mdeni amekwisha kupatana na waliomkopesha, naye angali anangoja kufunguliwa. Inchi yetu ya Kongo iliingoja siku hiyo miaka saba.

Madeni yetu yalianza zamani. Katika utawala wa Mobutu serikali ilikopa feza nyingi kwa wageni. Sehemu yake ilijenga kazi kubwa, kama njia ya umeme toka Inga mpaka Kolwezi. Sehemu nyingine ilipotea mifukoni mwa wakubwa. Mwaka wa 1982, Mjerumani Erwin Blumenthal, aliyetumwa na Shirika la Feza la Kimataifa kusimamia Banki yetu Kuu, aliandika wazi kwamba wakopeshaji wasitumaini kurudishiwa mali yao. Hata hivyo walizidi kukopesha. Basi kosa halikuwa la upande mmoja.

Mwaka wa 1996 Shirika hilo pamoja na Banki ya Dunia walifanya mpango kwa inchi maskini zenye madeni mazito. Mpango una vituo viwili. Katika cha kwanza inchi inapokelewa na kupewa nafuu ya muda. Katika cha pili, ikiisha kutimiza masharti, sehemu kubwa ya deni inafutwa kabisa. Kongo ilifika kituo cha kwanza katika Julai 2003. Cha pili hakikuwa na tarehe: kilitegemea masharti tu.

Mbona tulikawia? Kwanza, mwaka wa 2006 mapatano na Shirika yalikatika, kwani serikali ilitumia feza kupita kiasi kilichowekwa. Pili, mwaka wa 2008 serikali ilifanya agano na makampuni ya China: wao wajenge barabara na nyumba za wagonjwa, nao walipwe kwa shaba na kobalti. Agano hilo lilihesabiwa kuwa la dola miliardi 9. Wakopeshaji wa kale wakauliza: anayeomba kufutiwa deni, anawezaje kuchukua jingine? Mwaka wa 2009 agano likapunguzwa mpaka miliardi 6. Mwishowe, tarehe 1 Julai 2010, tukafika kituo cha pili, na dola miliardi 12 na zaidi zikafutwa.

Tazameni tarehe ile. Siku moja mbele yake Kongo ilikuwa imetimiza miaka 50 ya uhuru. Nayo Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, iliuweka mwaka wa 50 kuwa Yubile, ili aliyejiuza kwa ajili ya umaskini arudi kwa jamaa yake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka wa 1994, aliomba Yubile ya mwaka 2000 iwe wakati wa kupunguza, ama kufuta kabisa, madeni ya mataifa maskini. Sisi tuliipata neema hiyo kwa kukawia. Na watoto waliokuwa wakianza masomo mwaka wa 2003 walikuwa wamekwisha kumaliza shule ya msingi.

Sasa turudi nyumbani mwetu. Baba wa jamaa aliyepatana kulipa kidogo kidogo, asikope pengine kabla hajafunguliwa. Masharti yaandikwe, pamoja na siku ya mwisho. Na feza ya mwisho ikiisha kutolewa, aombe siku ileile arudishiwe kartasi aliyotia sahihi: kwa sheria ya Kongo, mkopeshaji akiirudisha kwa hiari, hiyo ni ushuhuda kwamba mdeni amefunguliwa.

Nawe mkopeshaji mkristu, usiiweke kartasi hiyo sandukuni hata kesho. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini aliyelipa na bado anashikwa, huyo anadhulumiwa.