Jikoni Kwetu: Tambi Zinapogoma Kupanda

Huku kwetu Kyela, kuanzia mjini hadi Matema, mvua za masika zikianza kuni zinalowa na mkaa unashika unyevu. Hapo baadhi yetu tunarudia jiko la mafuta ya taa. Tunazungusha kishikio, lakini tambi hazipandi. Tusilazimishe, maana meno yanayozivuta yatavunjika.

Kwanza tuzime jiko na kulitoa nje, mbali na watoto, lipoe kabisa. Mara nyingi sababu ni tatu. Ya kwanza ni masizi yaliyogandisha tambi ndani ya mirija. Tukwangue mirija, tukate ncha zilizoungua, zote zilingane. Ya pili ni tambi zilizokwisha. Hizo tununue mpya. Ya tatu ni maji kuingia katika mafuta. Maji ni mazito kuliko mafuta ya taa, kwa hiyo hukaa chini, tambi huyanywa na chuma hushika kutu. Tumimine mafuta kwenye chupa nyeupe, tuyaache yatulie. Maji yakiwemo tutayaona chini. Tambi tuzikamue na kuzianika juani.

Jambo moja tuonyane kama dada. Moto ukififia, wapo wanaoongeza petroli kidogo. Jamani, tusithubutu! Mvuke wake hushika moto ghafla, na aliye karibu na jiko ni mama mwenye mtoto mgongoni. Wala tusijaze mafuta jiko likiwa linawaka. Heri wali uchelewe, lakini nyumba nzima ile kwa amani.